Concorde, Ndege Iliyofika Kabla ya Kuondoka

Abiria anaondoka London saa nne na nusu asubuhi. Anakunywa shampeni, anakula, anasinzia kidogo, na anapoteremka New York saa za ukutani zinamwambia ni saa tatu na dakika ishirini na tano. Hakuna uchawi. New York iko nyuma ya London kwa saa tano, na Concorde ilivuka Atlantiki kwa saa tatu na nusu hivi, wakati ndege nyingine zilihitaji saba au nane. Tarehe 7 Februari 1996 moja ilitoka New York ikatua London baada ya saa 2, dakika 52 na sekunde 59.

Ilipaa kilomita 18 hivi juu ya bahari, kwa mwendo mara mbili ya sauti. Hewa iliyobanwa mbele yake iliipasha pua joto la nyuzi zaidi ya 120, na bodi nzima ikarefuka kwa sentimita 15 au zaidi. Ndani, pembeni mwa paneli ya mhandisi, ufa ulifunguka ndege ikiwa kasini na kujifunga ikipoa. Katika safari ya mwisho ya mojawapo ya ndege hizo, mhandisi alichomeka kofia yake humo. Ndege ilipopoa, kofia ikanaswa.

Raha hiyo ilikuwa na bili, na aliyeketi kitini hakuilipa yote, ingawa tiketi yake iligharimu maelfu ya dola. Concorde iliunguza lita 25,000 hivi za mafuta kwa saa, ikiwa na abiria mia moja hivi. Kuvuka bahari kulikula karibu tani moja ya mafuta kwa kila kiti. Boeing 747 ilivuka maji yaleyale kwa mafuta yasiyopishana sana na hayo, lakini na watu karibu mara nne.

Halafu kuna mshindo. Wengi hudhani hulia mara moja tu, pale ndege inapoipita kasi ya sauti. Sivyo. Mawimbi ya sauti hurundikana, na ndege huuburuta mshindo huo njia nzima, kama mkeka wa upana wa makumi ya kilomita unaotandazwa juu ya vichwa vya watu. Mwaka 1964 serikali ya Marekani iliwajaribia wakazi wa Oklahoma City: miezi sita, mishindo 1,253. Madirisha yalivunjika, malalamiko yakapita 15,000. Mwaka 1973 ndege za kiraia zikakatazwa kuipita sauti juu ya ardhi ya nchi hiyo, na Concorde ikabaki kiumbe wa baharini.

Mwanakemia Harold Johnston alikuwa ameonya mwaka 1971 kwamba ndege 500 za aina hiyo, kwa oksidi za naitrojeni zinazozitoa juu kule, zingeila tabaka la ozoni. Lakini Concorde zilizobeba abiria zilikuwa 14 tu. Kwa maoni yangu, kushindwa kwake sokoni ndiko kulikotuepusha na jibu la swali hilo. Ajali ya Concorde huko Gonesse, Ufaransa, Julai 2000, iliua watu 113. Oktoba 2003 safari za abiria zikakoma.

Sasa ndege za kuipita sauti zinarudi. Januari 2025 ndege ya majaribio XB-1 ya kampuni ya Boom iliipita sauti juu ya Mojave, na Oktoba mwaka huohuo X-59 ya NASA ikaruka kwa mara ya kwanza. Pua ya X-59 ni ndefu kupindukia, imechongwa ili mawimbi yasirundikane, mshindo ugeuke kishindo cha mlango wa gari la jirani ukifungwa. Pua hiyo imemnyima rubani dirisha la mbele. Anaangalia mbele kwa kamera na skrini. Kuhusu ile tani moja ya mafuta kwa kila kiti, pua haina msaada.