Mwalimu Ndani ya Simu



Mwaka wa 2017 viwavi jeshi wa aina mpya waliingia mashamba ya Kenya. Asili yao ni Amerika, na wazee wetu hawakutuachia dawa yao. Afisa wa kilimo ni mmoja, vijiji ni vingi, na pengine hana hata mafuta ya pikipiki. Siku atakayokufikia, mahindi yamekwisha liwa. Ndiyo maana maafisa wengine siku hizi hufundisha vikundi kwa WhatsApp. Je, wanafanyaje?

Afisa mzuri hatumi hotuba ndefu. Huuliza kwanza: "Mama, nipigie picha ya kichwa cha huyo mdudu, halafu ya mgongo karibu na mkia." Picha ikifika, anawaonyesha wote: kichwani kuna alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia kuna madoa manne meusi yaliyopangika mraba. Basi hata yule ambaye hakuuliza kitu amejifunza, na kesho atakwenda kuangalia shambani kwake. Ndipo afisa anaeleza kwa sauti, maana wazee wengi hawaoni herufi ndogo ndogo za simu. Anasema mdudu huyu huuawa akingali mdogo, kabla hajajichimbia ndani kabisa ya mhindi. Kupiga dawa saa sita mchana ni kutupa pesa, kwa sababu wakati huo amejificha. Asubuhi mapema au jioni ndio wakati wake. Na mtu akipita shambani mara mbili kwa wiki akiponda mayai kwa vidole, hiyo haina gharama yoyote.

Lakini kuna shida. WhatsApp haichagui mwalimu wala mlaghai, wote wanaandika hapo hapo. Mtu akituma "changanya dawa hii na ile", kuna watakaochanganya, na dawa za shamba si mchezo. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, mimi mwenyewe nilisambaza ile habari ya ndimu na maji moto. Mpaka leo naona haya! Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umesambazwa mara nyingi kabla ya kukufikia wewe. Si lazima uwe uongo, ila muulizeni afisa kabla ya kuufuata.

Tena video hula bando vibaya sana. Kwa kawaida picha mbili na sauti ya dakika moja zinatosha.

Na wale wasio na simu kubwa? Kwenye mkutano wa kikundi, simu moja iwekwe katikati ya meza, sauti ya afisa ifunguliwe, watu wasikilize pamoja na kubishana. Maswali yao katibu ayaandike kwenye daftari ya kikundi, pamoja na jina la kila aliyeuliza, ayatume jioni hiyo hiyo, na mkutano ujao uanze kwa kusoma majibu.