Wikiendi Isiyo na Kiwango

Nyumba nyingi za Dar es Salaam zinajua Jumatatu itatumia kiasi gani. Asubuhi mtu anaacha hela ya matumizi, nauli za watoto zinahesabiwa, na inajulikana kwamba mchicha, nyanya, vitunguu na fungu la dagaa havitavuka kiasi fulani. Nyanya zikipanda bei, nyumba nzima inasikia siku hiyohiyo. Ikifika Jumamosi utaratibu huo unawekwa kando. Hakuna aliyetaja kiasi. Kuna pesa kwenye simu, kuna watoto waliokaa vizuri wiki nzima, kuna kadi ya harusi, kuna mpira jioni, na kila jambo linalipiwa linapojitokeza. Jumapili usiku mtu anatazama salio na kushangaa, maana hakumbuki kununua kitu chochote kikubwa.

Ni rahisi kusema familia hiyo haina nidhamu, lakini wanaohesabu chumvi siku tano hawapotezi akili siku ya sita. Kinachobadilika ni mahali na saa ya kuamua. Jumatatu uamuzi unafanyika nyumbani kabla pesa haijatoka. Jumamosi unafanyika barabarani, ufukweni, mezani pamoja na marafiki, mara nyingi giza limeshaingia, watu wamechoka na mtoto mdogo analia njaa. Naamini kwa dhati kwamba uamuzi ukirudishwa nyumbani, raha inabaki ileile au inazidi, na pesa inayotoka inapungua. Kujinyima kunahitajika kidogo sana kuliko tunavyoambiwa.

Tuchukue familia ya Tabata: baba, mama na watoto watatu, wanakwenda Coco Beach. Bei ni za kukadiria, kila msomaji aziweke sawa na za kwake. Mlangoni wamesema elfu hamsini itatosha. Daladala za kwenda zimekula 6,000. Mihogo ya kukaanga na mishikaki, 20,000. Maji na soda, 10,000. Bembea za watoto, 9,000. Lambalamba, 6,000. Mpaka hapo ni 51,000, na makadirio ya mlangoni hayakuwa mabaya hata kidogo. Kisha jua likazama, ngoma zikanoga, hakuna aliyeangalia saa. Saa mbili usiku watoto wana njaa ya kweli, ile ambayo muhogo hauwezi kuitibu, ikabidi zinunuliwe sahani za chipsi kuku za 24,000. Daladala zimejaa, mdogo amelala begani, ikaitwa teksi mtandao ya 20,000. Jumla, 95,000.

Ukiwauliza watoto hao Jumatatu walifurahia nini, watataja maji, mchanga, bembea na mishikaki. Chipsi kuku hawatazitaja kwa sababu walizila wakisinzia. Ukitoa 6,000 ambazo daladala za kurudi zingekula kwa vyovyote, shilingi 38,000, asilimia 40 ya pesa yote, hazikununua raha yoyote. Zililipia kuchelewa. Familia hiyohiyo ingepika pilau asubuhi, ikaibeba kwenye hotpoti, ikakubaliana kwamba saa kumi na mbili kamili wanaelekea kituoni, ingerudi na siku yake yote ikiwa nzima. Nimekaa na watu wengi wakipitia matumizi yao ya namna hii, na mara chache sana tumekuta burudani yenyewe ndiyo ghali. Gharama inakaa pembeni yake: njaa isiyopangiwa, usafiri wa usiku, na kile kituo cha ziada ambacho mtu anasema "tupitie pale mara moja".

Kuna pia njia tunayotumia kulipa. Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lao la mnada wa tiketi za mpira wa kikapu. Walioambiwa watalipa kwa kadi walikuwa tayari kutoa pesa nyingi zaidi, na kwa tiketi zilizogombewa sana walifika zaidi ya mara mbili ya walioambiwa watalipa taslimu. Tiketi ni ileile. Kilichotofautiana ni uchungu wa kuachia pesa, ambao noti inakuonjesha na kadi inakuficha. Sisi hatutembei sana na kadi, lakini Lipa Namba iliyobandikwa ukutani kwenye grosari inafanya kazi inayofanana: unabofya, unaingiza namba ya siri, mazungumzo yanaendelea. Ujumbe wa muamala unaingia, nani anausoma saa nne usiku?

Tunapolazimika kuusoma tunaumia. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, makato yalionekana waziwazi kwenye kila ujumbe, na malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Septemba mwaka huohuo Serikali iliipunguza kwa asilimia 30. Watu walewale wanaweza kutoa 15,000 za raundi ya vinywaji bila kuguswa. Pesa inayoonekana inalindwa, isiyoonekana inapita.

Ndiyo maana ushauri wa kutoa pesa ya wikiendi mara moja, Ijumaa, bado una nguvu ingawa unasikika wa kizamani. Unalipa ada ya kutolea mara moja badala ya mara nne, na pesa inakuwa na mwisho unaoshikika. Chukua noti kubwa. Priya Raghubir na Joydeep Srivastava walionyesha mwaka 2009 kwamba watu husita kuvunja noti kubwa kuliko kutumia kiasi hichohicho kikiwa kwenye noti ndogo au sarafu. Anayefikiria kumvunja mwekundu wa Msimbazi kwa ajili ya soda moja anajua hisia hiyo bila kusoma utafiti. Noti ya elfu kumi ikishavunjika, buku zinazobaki hazina ulinzi, kwa hiyo ivunje moja, imalize, ndipo uguse nyingine.

Taslimu ina hatari zake pia, hasa kwenye msongamano. Mwenye laini mbili anaweza kuhamishia pesa ya wikiendi kwenye laini ya pili na kutoka na hiyo tu. Hapa naomba umakini kwa huduma zinazokamilisha malipo hata salio likiwa halitoshi, kama Songesha ya Vodacom Tanzania au Fuliza ya Safaricom kule Kenya. Zinasaidia kweli dawa inapohitajika usiku. Lakini pesa ya burudani ikiisha, mwisho wake unatakiwa uwe mwisho. Laini ya wikiendi isiunganishwe na mkopo wowote.

Sasa michango. Miongozo mingi ya matumizi hulipita jambo hili kwa sababu imeandikwa na watu ambao Jumamosi yao ni yao wenyewe. Yetu mara nyingi imeshachukuliwa. Kuna kitchen party, kuna send-off, kuna harusi yenyewe, kuna kipaimara, maulidi, ubarikio, na kuna vikao vya kamati ambavyo navyo vina nauli na vinywaji. Kadi ya harusi unailipa kidogokidogo kwa miezi miwili, kwa hiyo siku ya sherehe unajiona mtu aliyeshamaliza deni. Hapo ndipo gharama ya pili inapoanza. Kuna sare, yaani kitenge kilichochaguliwa na kamati na ujira wa fundi. Kuna saluni, viatu, zawadi, noti za kutunza wakati wa muziki, na usafiri wa saa saba za usiku kutoka ukumbini. Kwa anayelipa mchango wa 50,000 si ajabu gharama hizo zikalingana nao au zikaupita. Ukiandika "harusi ya binamu, 50,000" umeandika nusu ya habari.

Sishauri mtu akate michango yote. Kuna wanaojisifu hawachangii kitu, nami naona wamekosea hesabu. Mchango ndio unaowaleta watu mlangoni kwako siku yako, na sherehe ni burudani kubwa kabisa: unacheza, unakula, unakutana na shangazi uliyemkosa miaka. Kinachotuumiza ni kuupokea kila mwaliko kama dharura, wakati harusi ni tukio linalojulikana miezi kabla. Karatasi moja ukutani inatosha. Andika sherehe zote zinazojulikana hadi mwisho wa mwaka, kila moja na gharama yake kamili, kadi pamoja na sare na usafiri, kisha chagua. Kwa hii tunakwenda wote wawili na sare. Kwa ile tunachukua kadi ya mtu mmoja. Nyingine tunachanga na kutuma salamu. Ukimweleza mwenyekiti wa kamati mapema, tena kwa heshima, "Mzee, safari hii nitasimama na elfu thelathini," anapanga bajeti yake kwa ukweli huo. Ahadi ya laki isiyotimia inamuumiza zaidi. Rambirambi ziwe na fungu lake. Msiba haupangiwi tarehe na haustahili kusubiri kwa sababu pesa ililiwa kwenye send-off.

Fungu la wikiendi lenyewe linahitaji watu wawili wazungumze, na Alhamisi jioni ndiyo siku nzuri, kabla Ijumaa haijaleta watu wa kazini na mipango yao.

"Mama Asha, wikiendi hii tuna ngapi?"

"Sabini, ukitoa ile ya kikao cha kina Rehema."

"Basi Jumapili tupike hapahapa, tumwite na bibi."

Mazungumzo hayahitaji kuwa marefu kuliko hayo. Kitu kimoja tu kiongezwe: kila mtu mzima awe na kiasi chake kidogo asichoulizwa. Baba akitaka kukitumia kwa mpira na bia mbili, sawa. Mama akikitumia kwa saluni, sawa vilevile. Nyumba ambamo kila shilingi inatolewa maelezo hufundisha watu kuficha, na pesa iliyofichwa haipangiki. Watoto nao wapewe chao. Mtoto aliyeshikishwa 3,000 yake ataanza mwenyewe kupima kati ya bembea na lambalamba, na ule ugomvi wa "baba ninunulie" unapungua mno.

Kupanga mapema kuna faida nyingine. Jeroen Nawijn na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2010 kuhusu Waholanzi, waliona kwamba wenye likizo mbele yao walikuwa na furaha kuliko wasio na safari, kabla hata ya kuondoka, na wengi wao waliporudi hawakuwazidi wengine. Sehemu kubwa ya raha iko kwenye kungoja. Wikiendi inayozuka yenyewe Jumamosi saa sita haina kungoja, ina kulipa tu.

Treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilipoanza Juni 2024, nauli ya mtu mzima daraja la kawaida ilikuwa 13,000, na watoto wa miaka minne hadi 12 nusu yake. Familia yetu ya Tabata, ikiwa watoto wote watatu wako katika umri huo, ingelipa 45,500 kwenda na kiasi hichohicho kurudi, yaani 91,000. Jumamosi moja ya Coco Beach isiyopangwa imekula nauli ya watu watano kwenda kuiona Milima ya Uluguru. Wakibana ile gharama ya kuchelewa ya 38,000 kwa Jumamosi tatu tu, wana 114,000: nauli yote, na pesa kidogo ya kula Morogoro mjini inabaki. Watoto watakuwa wameishi na safari hiyo midomoni kwa wiki tatu nzima.

Katikati ya hapo kuna siku ambazo hazidai pesa nyingi: kuvuka kwa kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni na kurudi na upepo wa bahari, Kijiji cha Makumbusho na nyumba zake za asili za makabila mbalimbali, au karata na bao kibarazani kwa jirani. Wa Mombasa wana ufukwe wa Mama Ngina na madafu yake. Wa Unguja wana Forodhani, ambako kutembea ni bure hata kama harufu ya mishikaki si rahisi kuipita.

Wikiendi ya kuangaliwa kwa karibu zaidi ni ile inayofuata mshahara. Ikiachwa ichote inavyotaka, wikiendi za tarehe mbovu zinabaki na ugali na lawama. Kwanza itoke kodi ya nyumba, ada, umeme na mchele wa mwezi, kisha fungu la burudani ligawanywe kwa idadi ya Jumamosi zilizobaki hadi mshahara ujao. Zihesabuni kwenye kalenda, maana kila mwaka una miezi minne, mara nyingine mitano, yenye Jumamosi tano, na ile ya tano ndiyo inayozikuta nyumba nyingi zikikopa.