Mkono wa Nyerere Haukuwa Kwenye Kalamu

"Katiba hii si aliiandika Nyerere?" Kila mjadala wa Katiba mpya ukianza, swali hilo halikosi. Wanaouliza ni kambi mbili: wasiotaka iguswe kwa heshima ya Baba wa Taifa, na wanaotaka itupwe kwa kuwa ni yake. Wote wanatafuta kalamu ya Mwalimu, ilhali mkono wake ulikuwa kwenye utaratibu. Mwaka 1964 alipounda tume ya Rashidi Kawawa, hakuiuliza kama nchi iwe ya chama kimoja, hilo lilikwishaamuliwa. Aliitaka ieleze demokrasia iendeshweje ndani ya chama hicho. Mwaka 1977, watu 20 chini ya Sheikh Thabit Kombo, waliokuwa wametoka kuandaa Katiba ya CCM, ndio waliokabidhiwa mapendekezo ya Katiba ya nchi, na Bunge Maalumu lililoitishwa na Rais likaipitisha 25 Aprili. Anayechagua swali na wa kulijibu hana haja ya kushika kalamu.

Nitaambiwa namtoa Mwalimu lawamani. La hasha, namtwisha mzigo ulio wake hasa. Lakini kuyaita yote yaliyomo leo "ya Nyerere" ni uvivu wa kusoma. Katiba ya Jamhuri ya 1962 haikuwa na hati ya haki; haki za msingi ziliingizwa 1984, yeye akiwa bado Rais, sambamba na ukomo wa vipindi viwili vya urais. Vyama vingi vilikuja 1992, naye amekwishang'atuka, tena akiviunga mkono. Mtu aliyekubali Katiba irekebishwe mikononi mwake hawezi kugeuzwa kisingizio cha kutoigusa.

Basi kabla ya kubishana, fungua Katiba uangalie rejea zilizoambatishwa kwenye ibara: zinakutajia sheria iliyoibadilisha na mwaka wake. Mchakato wa Katiba mpya ukirudi, uliza matatu tu: nani anateua tume, nani anaingia Bunge Maalumu, na nani anaandika swali la kura ya maoni. Rasimu nzuri iliyopita katika utaratibu wa mtu mmoja itabaki kuwa ya mtu mmoja, hata kama hakuandika neno.