Tukapiga Meze na Mathe

Soja wa geti alitucheki kutoka kwa ndula hadi kwa nywele, alafu akauliza ndai tumeiacha wapi. Nikamshow hatukukam na ndai, tumeshuka mat hapo Westi tukatembea. Akauliza ka kuna mtu anatungoja ndani. Nikatoa simu nikamwonyesha meseji: meza ya watu wawili, saa saba mchana, jina langu. Tukiwa bado hapo, ndai mbili ziliingia na hakuna aliyeulizwa kitu. Mathe hakubonga. Lakini niliona ameshika mkoba na mikono mbili, vile huushika akingoja kwa ofisi ya chifu.

Wasee wengi wa mtaa wanadhani doh ndio inawazuia kuingia place ka hizi. Doh ni noma, sikatai, na hesabu yote nitawapea. Lakini najua wasee wa Kayole wanamwaga ngiri kumi kwa mzinga usiku moja na hawajai keti kwa restoranti kali mchana wakule, ju ya hizo dakika mbili za geti. So nawachanua mapema. Buku na simu, weka hiyo meseji karibu, tembea ka mtu anajua penye anaenda. Na umsalimie soja poa, ju naye ni msee wa mtaa na hiyo ndio wera alipewa.

Luku haikuwa shida. Mi nilikuwa na shati ya kitani kutoka Gikosh, kamera, soo tatu, nikaipiga pasi ikasimama. Mathe alivaa kitenge alishonewa harusi ya siz. Mchana hakuna mtu anakutaka na suti. Wanataka usafi, na ndula zisiwe na matope.

Hiyo Jumamosi mathe alikuwa anafikisha miaka 60. Nilikuwa naweka chapaa kando tangu Januari, thao moja kila mwezi, soo mbili tatu nikiangukia wera ya wikendi, hadi ikafika ngiri kumi na kitu ya fea. Siz alitaka tumnunulie jiko mpya ya gesi. Nikazii. Mathe amepikia watu kwa kibandaski miaka 19: chapo madondo, ndengu, matumbo, chai ya saa kumi na moja asubuhi ya mafundi wa mjengo. Akienda harusi, anapika. Akienda matanga, anapika. Mi nilitaka tu siku moja akae chini, mtu mwingine amletee sahani, na isiwe dishi anaijua tayari. Choma anaijua. Kuku wa kukaanga anamjua. Ndio nikachagua restoranti hii ya Mediterania.

Mediterania si nchi, ni bahari. Imezungukwa na nchi zaidi ya 20: Hispania, Italia, Ugiriki, Uturuki, Lebanoni, na ukishuka upande wa kusini ni Afrika tupu, Misri, Libya, Tunisia, Algeria, Moroko. So ukiskia menyu ya Mediterania usiiweke kwa kabati ya chakula ya wazungu. Kuskus ni ya Afrika Kaskazini, na UNESCO iliiweka kwa orodha ya urithi wa utamaduni mwaka wa 2020, ikipelekwa na Algeria, Moroko, Tunisia na Mauritania pamoja. Harisa, ile pilipili nyekundu inakuwanga kwa kibakuli kadogo, ni ya Tunisia.

Na kuna hii ingine nilimshow mathe tukiwa tunasoma menyu. Yeye ni wa Busia, pande za Funyula, na akiwa mtoi alikuwa anachota maji Mto Sio. Sio inaingia Ziwa Victoria. Ziwa inatokea Jinja ikiwa Naili, Naili inapita Uganda, Sudan zote mbili, Misri, na inamwagika kwa hiyo bahari. Mathe akanyamaza kidogo, akaangalia glasi yake.

"Kumbe ni maji yetu wanapikia," akasema.

Weita wetu alikuwa chali mrefu wa Malindi. Neno la kwanza kutoka kwake lilikuwa "Shikamoo mama." Mathe akajibu "Marahaba mwanangu," na mkoba ukatoka kwa mapaja ukawekwa kwa kiti ya kando. Mi huamini place unaijua na hiyo salamu. Wanaweza kuwa na mishumaa na maua ya ukweli kwa kila meza, lakini ka weita anabonga na wewe tu na kumpita mzazi wako, chakula itakwama kwa koo.

Huyo chali alikuwa amekulia kati ya Wataliano, akatuambia babake alijifunzia pasta kwa jikoni ya mmoja wao. Ni hadithi ya Malindi yenyewe. Wataliano walikam huko miaka ya 60 na wera ya roketi, ile stesheni ya San Marco hapo baharini, na mwaka wa 1967 wakarusha setilaiti kutoka hapo. Wengine wakafuata jua na mchanga, wakafungua mahoteli, na leo utapata chali wa Kigiriama anabonga Kitaliano vile mi nabonga Sheng. Kabla hii dishi ipande bei Westi, ilikuwa ishapita kwa mikono ya wapishi wa Pwani.

Akatuambia tuanze na meze. Mathe alidhani anasema meza. Meze ni sahani ndogo ndogo zinawekwa katikati, kila mtu anachota, ndio style ya kukula kutoka Uturuki na Ugiriki hadi Lebanoni. Hapo nikaskia mathe amepumua, ju kitu alikuwa anaogopa tangu asubuhi ni visu na uma. Meze inakulwa na mkate, na mkate unararuliwa na mkono. Unakata kipande, unakunja, unachota. Ni vile tu ugali inapeleka sukuma.

Hamasi ikakam ya kwanza. Hilo jina kwa Kiarabu ni zile dengu za duara tu, zile za rangi ya krimu unapata kwa duka za Wahindi Ngara, si ndengu zetu za kijani. Zimepondwa laini ka uji mzito, katikati kuna kashimo kamejaa mafuta ya zaituni. Mathe akachota. Akafunga macho. Mi nimemwona akionja vitu maisha yangu yote, kwa kiganja, na mwiko, kwa mvuke wa sufuria, na hiyo sura naijua, ni sura ya kutafuta.

"Simsim," akasema. "Wamekaanga kidogo, ikasagwa kabla iungue."

Alikuwa sawa kabisa. Tahini, ile kitu inafanya hamasi iwe hamasi, ni simsim iliyosagwa. Ukivuka mpaka uende kaskazini ya Uganda, Waacholi wana odii yao, simsim na njugu karanga zimesagwa pamoja, wanapikia mboga. Mathe alikuwa anatwanga simsim na nyanyake. Kwa hiyo sahani ya soo tisa, kitu haikuwa ngeni kwake ndio ilikuwa roho ya chakula.

Kutoka hapo aliacha kuwa mgeni. Babaganushi, biringanya iliyochomwa kwa moto ikapondwa, aliionja mara mbili akasema limau imezidi moshi. Nikaionja tena, na ukweli ilikuwa imezidi. Alafu akachovya mkate kwa mafuta ya zaituni peke yake, akaniuliza mbona ni kijani na mbona inawasha kwa koo. Hiyo ndio dalili ya mafuta freshi, iliyokamuliwa kutoka kwa tunda bila kupikwa. Inatoka mbali, ndio maana bei inauma. Lakini ndugu ya huo mti tuko naye hapa. Mutamaiyu ya Karura na Ngong ni zaituni ya mwitu, jamii moja kabisa na ile ya Ugiriki, ni vile tu matunda yake ni madogo hayana nyama mingi. Wamaasai wanaiita oloirien, na makaa yake ndio wanafukizia vibuyu vya maziwa. Tumeijua kwa moshi na maziwa, wenzetu wakaijua kwa mafuta.

Sasa pweza. Hapa wacha nikae kidogo, ju ni hii sahani bado naota.

Alikam mkono moja tu, mnene, umejikunja, umechomwa hadi hizo vikombe zake zikawa kahawia na kukauka pembeni. Chini kuna viazi zimepondwa na vitunguu saumu, juu limau na harisa. Nje inakatika, ndani ni laini, na ile chumvi ya bahari haijatoka. Weita akasema ametoka Shimoni. Kwa miamba ya huko pweza anatafutwa maji ya bamvua, wakati bahari imetoka mbali na mwamba umebaki wazi. Watu wanatembea juu yake na kifimbo cha chuma wakichungulia mashimo. Pwani yote hiyo, kuteremka hadi Pemba na Unguja, wamama wako ndani ya hiyo wera. Alafu anapigwa, anapigwa tena, ndio nyama ilainike. Wagiriki nao wanampiga kwa mawe hivyo hivyo. Na pweza wengi wa bahari yetu wanagandishwa, wanauzwa huko Ulaya ya kusini, wanakulwa Italia na Ureno na watu hawajai skia jina Shimoni.

Mathe alikuwa hajai kula pweza. Kipande cha kwanza alikiangalia sana. Cha pili hakuangalia. Cha mwisho nilimwachia.

Kondoo sina mengi. Alikuwa mkavu, na ngiri mbili na soo tisa si bei ya kondoo mkavu. Ka unataka kondoo, enda Kikopey.

Weita alikuwa amebeba hiyo maneno ya simsim na limau hadi jikoni, na mi nikaingiwa na baridi, nikadhani tumekosea watu. Shefu akatoka. Dem wa Kisii, hajafika miaka 30, apron imejaa unga. Akavuta kiti akakaa karibu na mathe, akamuuliza amejuaje. Hapo wakaanza. Dengu zinalowekwa usiku mzima na baking soda kidogo ndio ngozi iachilie. Mathe akasema yeye huweka magadi kwa githeri, kazi ni hiyo hiyo. Shefu akasema wakati wa kusaga anatia maji ya barafu ndio iwe nyeupe na nyepesi. Mathe akauliza mara mbili kuhusu barafu, ju hiyo hakuwa anaijua. Dakika kumi na kitu, wapishi wawili, na hakuna mmoja alikuwa chini ya mwingine. Mi nilikuwa nimenyamaza tu. Machozi ilikuwa karibu na sioni haya kusema.

Bili sasa. Hamasi 900, babaganushi 800, pweza 2,100, kondoo 2,900, juisi mbili za limau na minti 800, baklava 800, maji 500. Jumla 8,800, na huduma asilimia 5, ikafika 9,240. VAT ya asilimia 16 na ile tozo ya utalii ya asilimia 2 zilikuwa ndani ya bei tayari, lakini si kila place inafanya hivyo, so soma hayo maandishi madogo chini ya menyu kabla uagize. Hapo kwa maji ndio nilikasirika, na bado. Chupa ililetwa ikiwa imefunguliwa, hakuna mtu alituuliza. Soo tano za maji, na msee amehesabu pesa yake miezi tisa. Ukiona chupa inakam, sema mapema hujaitaka.

Na ka una ngiri tatu pekee, bado unaweza. Enda na beste mmoja, agizeni hamasi na sahani ingine moja ya meze, mkate unakam nayo, mkae saa mbili. Mkono wa pweza mgawane siku ingine.

Nusu ya baklava ilifungwa kwa foili ikaendea mtoi wa siz. Tukitoka, soja alimwambia mathe "kwaheri mama", naye akamuuliza ka amekula.

Jumapili iliyofuata nilifika keja nikapata dengu zimelowekwa kwa besheni ya buluu, zimefura, na barafu imeombwa kwa jirani ako na friji. Mathe alikuwa nje kwa mlango na kinu, anatwanga simsim, harufu imejaa ploti yote, watoi wamesimama hapo na vipande vya chapo tayari mkononi. Hakuinua kichwa. Akaniambia nirudi dukani nilete ndimu mbili, na nisilete zile ngumu.