Bomba Linapoishia: Rekodi za Mafuta Zinazoonekana Kutoka Sugoi

Bomba la mafuta la Kenya lilifika Nairobi kutoka Mombasa mwaka 1978, likavutwa hadi Eldoret na Kisumu mwaka 1994, na hapo likakoma. Kutoka depo ya Eldoret, petroli na dizeli za kwenda Uganda na nchi zilizo nyuma yake hupakiwa kwenye tanka, na tanka zikashika barabara ya Turbo kuelekea mpaka wa Malaba. Sugoi iko upande huo, katika eneo bunge la Turbo. Wakenya wanaijua kama nyumbani kwa Rais William Ruto. Kwangu ni mahali pa kuhesabia mafuta, kwa sababu hapa yanaonekana yakipita barabarani, na mtu anakaa karibu vya kutosha kujua yaliyoahidiwa na hayajafika.

Nchi ikigundua mafuta, rekodi ya kwanza kutangazwa huwa ya ukubwa: mapipa mangapi yako chini ya ardhi. Nyingi za aina hiyo nimeziacha. Pipa lililo ardhini halijamlipia mtu karo. Ninazoandika hapa nyingi ni rekodi za muda, maana katika ukanda wetu muda ndio unaovunja rekodi.

Naanza na bomba lililongojwa kuliko yote, nalo lingeanzia hapa: Eldoret hadi Kampala. Kenya na Uganda zilitia saini makubaliano yake mwaka 1995. Baadaye kampuni ya Tamoil ya Libya ikapewa kazi, na mambo yakazorota hadi serikali ya Gaddafi ikaanguka mwaka 2011 bila hata futi moja ya bomba kulazwa. Mei 2024, Rais Museveni wa Uganda alipozuru Nairobi, mpango ukafufuliwa, safari hii ukitajwa kufika hadi Kigali. Mtoto aliyezaliwa Turbo mwaka 1995 ametosha kuwa dereva wa tanka inayofanya kazi ambayo bomba hilo lingeifanya.

Tanka hizo zina rekodi yao, na inauma kuiandika. Tarehe 31 Januari 2009, tanka ilipinduka Sachang'wan, kwenye barabara hii hii kati ya Nakuru na Eldoret. Watu wakakimbilia petroli iliyokuwa ikimwagika, na moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 110. Miaka miwili baadaye, Septemba 2011, petroli iliyovuja kwenye mfereji ikaua watu wapatao 100 katika kitongoji cha Sinai, Nairobi. Nchi ilikuwa bado haijatangaza tone la mafuta yake yenyewe.

Tangazo hilo lilikuja tarehe 26 Machi 2012. Rais Mwai Kibaki alisema mafuta yamepatikana katika kisima cha Ngamia-1, katika bonde la Lokichar huko Turkana, kilichochimbwa na Tullow Oil. Kwa wengi wetu ilisikika kama habari mpya kabisa. Lakini Kenya ilikuwa imeanza kuchimba mwaka 1960, kisima cha Walu-1 kule upande wa Lamu. Tena mwaka 1992 kampuni ya Shell ilitoboa Loperot-1 katika bonde lile lile la Lokichar, ikaona dalili za mafuta, ikaondoka. Kati ya Loperot na Ngamia kuna miaka 20. Wafugaji wa Turkana walipitisha mifugo juu ya utajiri huo miaka yote hiyo, na hakuna aliyewarudia kuwaambia. Visima vilivyofuata vilipewa majina ya wanyama wao: Twiga, Ekales ambaye ni mbuni kwa Kiturkana, Etom ambaye ni tembo. Lugha yao ilipata nafasi kwenye ramani mapema kuliko wao wenyewe kupata chochote mfukoni.

Hata hivyo, kwa kungoja, Uganda imetuacha mbali. Kisima cha Waki karibu na Butiaba, ufukweni mwa Ziwa Albert, kilichimbwa mwaka 1938. Mafuta yanayofaa kuuzwa yalithibitishwa mwaka 2006, yaani baada ya miaka 68. Uganda inakadiria kuwa mapipa bilioni 1.4 yanaweza kutolewa, zaidi ya mara mbili ya yale ya Lokichar. Ndiyo maana mwaka 2016, ilipoamua bomba lake lipite Tanzania badala ya Kenya, kidonda chetu kilikuwa kikubwa. Bomba hilo la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na ndilo refu kuliko yote duniani kati ya mabomba ya mafuta ghafi yanayopashwa moto kwa umeme. Lina sababu ya kupashwa moto. Mafuta ya ukanda huu yana nta nyingi. Yakipoa huganda kama mafuta ya kondoo kwenye sahani.

Nta hiyo ndiyo iliyoleta safari ninayoiona kuwa ya ajabu kuliko zote. Juni 2018, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alizindua usafirishaji wa mafuta ghafi ya Lokichar kwa malori hadi Changamwe, Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mafuta yalipakiwa yakiwa moto katika matangi yaliyofunikwa ili yasigande njiani. Yaliteremka kupitia Kitale, yakaingia Eldoret, yakaendelea Nakuru. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa mjini Eldoret mafuta ya aina mbili yalipishana: ghafi ya Turkana ikishuka baharini ikauzwe, na petroli iliyotoka Ghuba ikipanda kwenda kuuzwa Kitale, Lodwar na ng'ambo ya Malaba. Sijui picha nyingine inayoeleza uchumi wetu kwa uwazi kama hiyo.

Safari hiyo pia ilipata kizuizi cha haraka kuliko vyote. Mwezi ule ule wa uzinduzi, wakazi wa Turkana walisimamisha malori. Walitaka usalama dhidi ya wezi wa mifugo kwanza. Malori yalikaa hadi Agosti. Wapo waliowaita wakaidi, na mimi nawapinga: mtu anayezika ndugu waliopigwa risasi malishoni ana haki ya kuuliza kwa nini ulinzi unapatikana kwa pipa na haupatikani kwake. Agosti 2019, shehena ya kwanza ya mafuta ya Kenya iliondoka Mombasa kwa meli: mapipa 200,000 yaliyouzwa kwa dola milioni 12. Baadaye malori yakasimama. Nchi yenye shehena moja ya majaribio ikaanza kungoja tena.

Upande wa mikataba, uuzaji uliotikisa kuliko wote ni wa Heritage. Mwaka 2010 kampuni hiyo iliuza hisa zake katika vitalu vya mafuta vya Uganda kwa Tullow kwa dola bilioni 1.45. Uganda ikadai kodi ya zaidi ya dola milioni 400, na kesi zikasafiri hadi London. Uganda ilipata haki yake. Kisha ikajulikana kwamba maofisa 42 wa serikali wamegawana shilingi bilioni 6 za Uganda kama zawadi ya rais kwa kushinda kesi. Kazi waliyoifanya ilikuwa ya mshahara wao wa kila mwezi. Wabunge waliichunguza na Waganda waliijadili kwa hasira, nami naona hasira hiyo ilistahili.

Weka kando ya hiyo bei ya Lokichar. Mwaka 2023 washirika wa Tullow, Africa Oil na TotalEnergies, walijiondoa, Tullow ikabaki peke yake. Mwaka 2025 nayo ikauza kila ilichokuwa nacho Kenya kwa Gulf Energy, kwa angalau dola milioni 120, zinazolipwa kwa awamu. Miaka 13 baada ya tangazo la Kibaki.

Mkopo uliozua maneno mengi kuliko yote ulichukuliwa na serikali inayoongozwa na jirani yetu wa Sugoi. Machi 2023 Kenya ilikubaliana na kampuni za Ghuba, Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, iletewe mafuta na kuyalipia baada ya siku 180, ili kupunguza mbio za kutafuta dola. Uganda ililalamika kwamba madalali wanaipandishia bei, ikaenda hadi Mahakama ya Afrika Mashariki, na kufikia Julai 2024 kampuni yake ya taifa ikaanza kuagiza yenyewe. Barabara ya Turbo haikubadilika. Tanka ni zile zile, ila mwenye mzigo ndiye aliyebadilika.

Imebaki asilimia ya mapato ya mafuta iliyogombaniwa zaidi, nayo ni ndogo: 5. Mswada wa awali ulitaka jamii ipate 10. Mvutano ulichukua miaka, na sheria ya mafuta ya mwaka 2019 ikakata: serikali kuu 75, kaunti 20, jamii ya mahali 5, tena zile 5 ziwekwe katika mfuko unaosimamiwa na wadhamini.

Kwetu hilo si jambo la Turkana pekee. Kisima kilichochimbwa karibu zaidi na Sugoi kiko Bonde la Kerio, chini ya ukingo ambao wanariadha wa Iten hukimbilia. Ni Cheptuket-1, cha kwanza kabisa katika bonde hilo. Mwaka 2016 kilifika mita 3,083 na kikaonyesha dalili za mafuta katika sehemu ndefu ya mwamba, ingawa hazikutosha kuuzwa. Mtambo ukang'olewa, ukaondoka. Mwaka 1992, huko Loperot, mtambo wa Shell pia uliondoka hivyo. Wazee wa Kerio waliouona wakati ukichimba bado wapo, na wadhamini wa ile asilimia 5 wanaweza kuanza kujadiliwa nao leo, kabla mtambo mwingine haujateremka ukingoni.