Mbele ya kuongeza memwari ya mashini virtuele

Wenye wako mu informatiki wanajua hii shida. Umeweka VirtualBox kwenye laptop, ndani yake umeweka Ubuntu, na ukiifungula inatembea sawa kinyonga. Siku ya kutetea kazi mbele ya jury inakaribia, na demo yako iko mule. Kila mutu anakuambia: «Ongeza memwari tu!» Mara iko kweli, mara haiko kweli.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Hatuongelei memwari ya kumaliza masomo (ile inatunyima usingizi kwa njia yake). Hatuongelei pia nafasi ya disku, pale mafishe yanalala. Ni RAM, mahali programu zinafanyia kazi wakati mashini inawaka. Na mashini virtuele haina RAM yake yenyewe, inakopa kwa ordinatere yako. Ukiwa na jiga 8 na ukaipa 6, njo kusema Windows yako, antivirusi na zile kurasa 15 za Chrome vinabakia na jiga 2. RAM ikiisha, ordinatere inaanza kuweka kwenye disku vitu vyenye vingepaswa kukaa mu RAM, na disku iko polepole sana, zaidi ile ya zamani yenye kuzunguka. Hapo mwenye kukopa na mwenye kukopesha wanakwama wote wawili.

Njo maana upime kwanza. Fungula mashini virtuele, fanya ile kazi yenye inakusumbua, kisha mu terminali ya Ubuntu andika free -h. Angalia RAM yenye inabakia na mustari wa swap. Kama inabakia kidogo sana na swap inapanda, iko na njaa ya kweli. Kama inabakia jiga nzima, shida iko fasi ingine: pengine uliipa prosesere moja tu, pengine disku imechoka. Kuongeza RAM hapo ni kumimina maji mu bidon yenye imeshajaa. Fanya vile vile upande wa Windows yako na Ctrl+Shift+Esc, uone kama kuna cha kukopesha.

Umeona kuna njaa na kuna cha kutoa? Zima mashini virtuele. Kuzima kabisa, si ile ya kuhifadhi hali yake ilale. Ikiwa imelala, VirtualBox haikubali ubadilishe. Ingia «Configuration», kisha «Système», utaona «Mémoire vive» na kifungo cha kuvuta. Kijani ni salama, nyekundu ni hatari. Mimi sivuki nusu ya RAM ya laptop. Namba iko mu megabaiti: 2048 ni jiga 2, 4096 ni jiga 4. Mwenye anapenda terminali aandike:

VBoxManage modifyvm "Ubuntu" --memory 4096

Weka jina la mashini yako pale. Washa, rudilia free -h, uone kama namba imebadilika. Na ujue: ukirudia kwenye instantané ya zamani, memwari nayo inarudia ya zamani.

Kitu kimoja kwa sisi wa kukatiwa umeme kila saa: ukihifadhi hali ya mashini, RAM yake inaandikwa kwenye disku. RAM mingi inachukua muda mrefu zaidi kuandikwa, na batri yenye imebakia na dakika mbili haitangoja.

Na wenye laptop ya jiga 4? Hapo sitadanganya mutu, hakuna cha kuongeza. Punguza njaa: weka Ubuntu Server bila desktop, jiga 1 inatosha kufanyia mazoezi ya serveri ndogo ya web. Windows 11 uache, yenyewe inaomba jiga 4. Ao nunua barete ya RAM, lakini DDR3 haiingii fasi ya DDR4, na kuna laptop zenye RAM yao imechomelewa moja kwa moja. Fungula chini uangalie mbele ya kulipa.