STIMA SAFI NA SHERIA YA KUINUNUA

Ukisimama juu ya kilima cha Nyanchwa giza linapoingia, utauona mji wa Kisii ukimetameta kwa taa. Wengi wetu hudhani stima huanzia kwa transfoma ya jirani na kuishia kwa swichi. La hasha! Kila taa ina safari yake, na nyuma ya safari hiyo kuna sheria. Katika makala haya nanuia kueleza sheria zinazoifanya kampuni ya kusambaza stima inunue nishati jadidifu, yaani ile isiyokwisha: ya maji, upepo, jua, mvuke wa ardhini na mabaki ya mimea.

Nishati hii si ngeni kwetu. Mto Gucha hutoka kwenye milima yetu ya Gusii, nao ukifika Migori huitwa Kuja. Huko Gogo maji yayo hayo yalianza kuzungusha mitambo katika miaka ya 1950. Kituo hicho kilikuwa kidogo, cha megawati 2 hivi. Sondu Miriu, upande wa Kisumu, ni cha megawati 60. Kule Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke ulianza kutoa stima mwaka 1981.

Basi sheria ya nini? Chukua mfano wa majani chai. Mkulima wa Nyamira akishachuma hawezi kuyaweka ghalani angoje bei. Sharti yafike kiwandani siku iyo hiyo, ama sivyo yataharibika. Stima ni vivyo hivyo: ikizalishwa sharti itumike, na nyaya za kuifikisha majumbani, karibu nchi nzima, ni za kampuni moja, Kenya Power. Mwenye mtambo wake mtoni akikataliwa na mnunuzi huyo, atamwuzia nani? Na benki gani itamkopesha?

Nchi mbalimbali zimejaribu njia mbili. Ya kwanza ni ya fungu: serikali huiambia kampuni kwamba sehemu fulani ya stima inayouza lazima iwe safi. Jimbo la California huko Marekani lilipitisha sheria ya aina hiyo mwaka 2002. Ya pili ni ya bei: mzalishaji huunganishwa na nyaya, na stima yake hununuliwa kwa bei iliyopangwa na serikali kwa miaka mingi. Kenya ilishika njia hii ya pili mwaka 2008, ikianza na upepo, mitambo midogo ya maji na mabaki ya mimea. Mwaka 2010 jua, gesi ya samadi na mvuke viliongezwa. Kiwanda cha chai cha Imenti kule Meru kilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuuza stima ya mto kwa mpango huu.

Hata hivyo, kizuri hakikosi kasoro. Ukiahidi kununua, utalipa hata usipotumia. Kule Loiyangalani, Marsabit, minara 365 ya upepo yenye megawati 310 ilikamilika mwaka 2017, lakini laini ya kuisafirisha stima hiyo ikawa tayari mwaka 2018. Mkataba ulidai malipo hata kwa muda ambao stima haikuwa na njia ya kupita! Mwaka 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliunda jopo la kuchunguza mikataba ya stima. Mwaka uo huo sera ilibadilishwa: upepo na jua vikapelekwa kwenye mnada ili mwenye bei nafuu ashinde. Bei iliyopangwa ikabakia kwa mitambo ya maji, mabaki ya mimea na gesi ya samadi isiyozidi megawati 20.

Mambo haya yanatuhusu sisi wanafunzi wa kutwa, ambao husomea nyumbani usiku. Mzazi akinunua tokeni, ujumbe unaoingia kwa simu huonyesha pesa zilizokatwa, ikiwemo gharama ya mafuta yanayochomwa kwenye mitambo ya dizeli. Stima safi ikiongezeka, fungu hilo linafaa kupungua. Lakini mikataba ikiwa ghali, mzazi huondolewa mzigo begani akatwikwa kichwani.

Kwa maoni yangu sheria hii ni nzuri, mradi laini ijengwe kabla ya minara na bei za mikataba ziwekwe wazi. Tena wadogo wasisahauliwe. Kanuni za mwaka 2024 zinamruhusu mteja mwenye paneli za jua kupeleka stima ya ziada kwa nyaya za kampuni na kuhesabiwa kwenye bili yake. Hebu fikirini mabati ya shule zetu zote mwezi wa Agosti, madarasa yakiwa matupu na jua likiwaka bure! Haba na haba hujaza kibaba.